Mwenyekiti wa Kuyamaliza

Kwa miaka saba Mwenyekiti aliongoza Kamati ya Maadili ya kongamano letu la teknolojia hapa Bagamoyo, na katika miaka hiyo yote hakuna lalamiko lililomshinda. Yote aliyamaliza. Mtu akishikwa mahali asipotaka kushikwa, Mwenyekiti aliyamaliza. Mtu akiandikiwa ujumbe wa kuudhi, aliyamaliza. Mwaka mmoja walalamikaji wawili walipishana mlangoni kwake, mmoja anatoka na mwingine anaingia, akayamaliza yote mawili kabla ya adhuhuri, kisha akaenda kuswali. Jioni, kwenye hotuba ya kufunga, akatangaza kwamba kongamano limepita bila tukio hata moja, tukampigia makofi. Mimi nilikaa mstari wa mbele na nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Hakuwa mtu wa kompyuta. Wageni walichelewa kulielewa hilo, kwa sababu alivaa beji ya kongamano mwaka mzima, hata sokoni, hata mazikoni, juu ya koti la kijivu alilolivaa juu ya kanzu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu na uraia. Vijana walioanzisha kongamano walimfuata kwa kuwa walihitaji mtu mzima wa kukaa mbele, mwenye sauti ya kuombea dua na sura ya kuipeleka ofisi ya wilaya. Walidhani wamepata pambo. Kikao cha kwanza kabisa, wenzake wakibishana juu ya kasi ya intaneti ya hoteli, yeye aliuliza swali moja: "Hao mabinti watalala wapi?" Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ikabidi kikao kiahirishwe wakatafute jibu.

Nataka nimtendee haki hapa, maana mbele huko sitaweza. Ni yeye aliyelazimisha vyoo vya wanawake viwe na makomeo yanayofunga. Ni yeye aliyedai mabinti wapewe chumba cha kuswalia chenye pazia na maji, wakati meneja wa hoteli alikuwa amewaonyesha kipembe nyuma ya jiko. Na ni yeye aliyekwenda kwa wazazi. Baba yangu ana duka la vitambaa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, na hakuamini chochote kinachofanyika hotelini mchana kweupe, seuze kilicho na neno "teknolojia" ndani yake. Mwenyekiti akaja, akaketi barazani, akanywa maji, akamwambia, "Binti yako atatoka hapa na heshima yake na atarudi nayo. Likitokea la kutokea, niulize mimi." Baba akamtazama kitambo. "Kama ni wewe," akasema, "haya." Kwa maneno hayo nikawa mwandishi wa programu. Alikwenda hivyo hivyo Lugoba, Makurunge na Kiwangwa, nyuma ya bodaboda, koti limefungwa vifungo vyote, akarudi na majina ya mabinti ndani ya daftari.

Kanuni za Maadili zilikuja na wadhamini wa nje. Walisema hawatoi msaada mpaka kongamano liwe na maandishi ya kuwalinda washiriki, hasa wanawake, wakaleta kurasa nne za Kiingereza. Mwenyekiti akajitolea kutafsiri. Alijifungia siku tatu na kamusi, akatoka na ukurasa mmoja, akautia plastiki ngumu ili usilowe chai. Yaliyopotea njiani tuliyagundua baadaye. Maandishi ya awali yalisema kwamba anayelalamika asilazimishwe kukutana na anayemlalamikia. Hilo lilikuwa limetoweka kabisa. Nilipomuuliza alinishangaa kwa dhati.

"Sasa watapatanaje, mwanangu, kama hawakutani?"

Yalisema pia kwamba mkosaji anaweza kutolewa ukumbini na kuzuiwa kurudi. Yeye aliandika "ataombwa ajirekebishe".

Alipopunguza huku, aliongeza kule. Kifungu cha tisa kilikuwa chake mwenyewe na alikipenda kuliko vyote: utani wa jadi baina ya makabila hautahesabiwa kuwa unyanyasaji. Nia yake ilikuwa njema. Mzungu atajuaje, alisema, kwamba mtani wako akikuita mwizi wa sanda anakupenda? Shida ni kwamba tangu siku ile ukumbi mzima ukawa wa watani. Watu wasiojua hata kusalimia kwa lugha za bibi zao walikumbuka makabila yao ghafla saa ya chai. Kijana mmoja wa Dar alijitangaza mtani wa wanawake wote wa mkoa wa Pwani, sababu babu wa babu yake alipita hapa akiwa mpagazi. Mgeni mmoja wa Ulaya, mtu mpole mwenye ndevu, alisoma kifungu kile, akaja kwenye meza yangu ya mapokezi kwa adabu kuuliza fomu ya kuomba utani inachukuliwa wapi.

Nilimweleza kwamba utani mtu huzaliwa nao. Akaandika.

Usidhani Mwenyekiti alikuwa mtu laini. Mwaka wa tatu alimtoa ukumbini kijana aliyekuja kwenye chakula cha mchana amevaa kaptura. Hakumwita, hakumsikiliza, hakumpa kahawa. Alinyoosha kidole kuelekea lango na kijana akalifuata lile lango. Mwaka uliofuata alimfukuza mwingine aliyejipakulia pilau kabla ya wageni. Kwa makosa hayo hakuwa na subira hata ya dakika moja, na wala hakuomba mtu ajirekebishe. Niliwahi kumwambia, nikijifanya natania, kwamba siku akija mtu amevaa kaptura na amemshika msichana kiuno, afadhali tulalamikie kaptura. Alicheka sana, akaniambia mimi ni mtundu, akamwita mtu mwingine ili naye asikie.

Mashauri ya kushikana yalikuwa na utaratibu wake. Yalifanyika kwenye chumba cha mapumziko cha wasemaji, milango miwili imefungwa, birika la kahawa mezani na sahani ya kashata. Viti viwili vilitazamana karibu magoti kugusana, na Mwenyekiti katikati. Katibu alikaa pembeni na daftari, na kuanzia mwaka wa tano katibu nilikuwa mimi. Swali la kwanza lilikwenda kwa mlalamikaji, na lilikuwa lile lile kila mwaka: amekuja kwa shari au kwa heri? Nani mwenye akili zake atajibu shari? Akishajibu heri, mlango wa kutokea ulikuwa umekwisha fungwa. Aliyekosa aliomba radhi kwa alichofanya, kama kweli alikifanya. Aliyekosewa naye aliomba radhi kwa kumfikiria mwenzake vibaya. Wakapeana mikono, Mwenyekiti akaomba dua fupi, mpigapicha akaitwa. Kisha ulikuja muhuri, alioutengeneza kwa gharama zake huko mjini, ukisomeka "Yamekwisha".

"Hapa si mahakamani," alipenda kusema akigonga muhuri. "Sisi ni nyumba moja."

Ilikuwa nyumba ambayo kila mwaka mabinti kadhaa hawakurudi, na hatukujiuliza wamekwenda nyumba gani.

Sasa nifike kwa Zuhura. Baba yake analima mananasi Kiwangwa, na Zuhura alikuwa ameandika programu ya simu iliyomjulisha mkulima lori la mnunuzi limefika wapi, ili asivune kabla ya wakati mananasi yakaozea kando ya barabara. Ilifanya kazi kwenye simu yoyote, hata ile ya babu mwenye mkanda wa mpira kwenye betri. Mimi nimeona programu nyingi kwenye makongamano, nyingi zake zinatatua matatizo ya watu wasiokuwepo, na nasema ile ilikuwa bora kuliko zote za mwaka ule. Zuhura mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wa mwili, mwenye maneno makavu, na kompyuta yake aliibeba imefungwa kanga ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi.

Jaji mkuu wa shindano la programu alikuwa mtu wa kampuni iliyotudhamini chakula. Tulimwita Mtaalamu, naye aliitika. Alijua kuongea, aliwajua watu wote, na alikuwa na desturi ya kumshika mtu anapozungumza naye, mwanaume begani, mwanamke kiunoni. Kwenye picha ya pamoja alisimama nyuma ya Zuhura, akamshika kiuno, picha zikaisha na mkono ukabaki. Zuhura akautoa. Ukarudi. Akautoa tena. Baadaye Mtaalamu akamwambia kwamba majaji wenzake humsikiliza yeye, kwa hiyo ingefaa amletee ile kompyuta chumbani kwake aitazame kwa utulivu. Zuhura akakataa. Jioni, mbele ya ukumbi mzima, Mtaalamu akamkaribisha jukwaani kwa kusema, "Na sasa, mke wangu mdogo kutoka Kiwangwa!"

Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka. Sikujua bado yaliyotangulia, lakini uso wake niliuona na bado nilicheka, na kila nikikumbuka naona aibu mpya.

Zuhura alifanya kama Kanuni zilivyosema. Alichukua fomu mezani kwangu, akaijaza pande zote mbili kwa mwandiko wa kupanga, akaniletea. Saa nne asubuhi iliyofuata walikuwa wameketi magoti kwa magoti, kahawa inatoka mvuke.

"Shikamoo, mzee," Zuhura alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Haya, umekuja kwa shari au kwa heri?"

"Nimekuja kwa fomu, mzee. Imesema nijaze, nimejaza."

Mwenyekiti hakuwahi kupata jibu la namna hiyo. Alijikohoza, akamgeukia Mtaalamu, naye Mtaalamu akatabasamu na kufungua mikono kama mwenye duka asiye na chenji.

"Mzee wangu, huyu ni mtani wangu. Bibi yangu mzaa mama ni Mnyamwezi wa Tabora, na huyu si Mkwere? Nikimwita mke, kuna la ajabu? Si ndicho kifungu cha tisa?"

Mwenyekiti akachukua ile karatasi yake ya plastiki, akavaa miwani, akakisoma kifungu alichokiandika mwenyewe kana kwamba kimeletwa na posta.

"Watani zangu nawajua," Zuhura akasema. Sauti yake haikupanda. "Alipofariki babu walikuja. Walitutukana sisi wafiwa mpaka tukacheka, walilala kaburini wakakataa mtu azikwe mpaka wapewe chao, na kaburi lile lile walilichimba wao. Huyu ameshika jembe lini kwetu? Na kati ya watani zangu wote, nani kanishika kiuno?"

Mwenyekiti akavua miwani. Alijua hayo kuliko sote, maana utani alikuwa akiufundisha shuleni. "Umesema kweli, mwanangu," akasema, na kwa muda wa kumeza funda moja la kahawa nikaamini kwamba leo mambo yatakwenda kwingine. Kalamu yangu ilikuwa hewani. Kisha akaitazama tena karatasi.

"Lakini kifungu hakikutaja jembe."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama kawaida. Mtaalamu akaomba radhi kama kuna mtu aliyeumia. Zuhura akaambiwa ni zamu yake, neno moja tu, nimesamehe. Akageukia sahani ya kashata. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba baba yake alimkabidhi kwake, na baba yake asingependa kusikia binti anarudi nyumbani na kinyongo. Huo upole ndio uliomvunja. "Nimesamehe," akaiambia sahani ya kashata. Wakapeana mikono. Mpigapicha akasema bado moja, na Mtaalamu akaendelea kuushika ule mkono mpaka moja ikapatikana. Mimi nikaandika kwenye daftari, "Pande zote mbili zimeridhika," nikatia sahihi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliandika kwa sababu ndivyo mashauri yalivyokuwa yakiandikwa, na kwa sababu mwenzangu aliyenitangulia aliandika hivyo.

Zuhura hakupata tuzo, wala hakutajwa.

Mwaka uliofuata tulipata bango jipya la kutundika langoni, kubwa, la rangi. Mwenyekiti alichagua picha mwenyewe. Juu yake paliandikwa "Kongamano Salama kwa Kila Mmoja", na chini yake alikuwa Zuhura, mkono wake ndani ya mkono wa Mtaalamu, wote wawili wanatazama kamera, mmoja wao anacheka. Nilikuwa nimesimama chini ya bango lile nakaza kamba wakati bodaboda ilipoingia kutoka barabara ya Msata na Zuhura amekaa nyuma, mfuko wa kompyuta mapajani. Alikuwa amekuja kujaribu tena. Akainua macho. Akajiona. Kisha akaniona mimi na kamba mkononi, akamgusa dereva begani, na pikipiki ikageuka pale pale.

Nilimweleza Mwenyekiti. Akasema mbona katika picha amependeza.

Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipompandishia sauti mtu wa umri wake. Nilimwambia tumemweka yule binti bangoni na aliyemsumbua, na yeye ndiye aliyempelekea baba yake ahadi. Hakukasirika. Alinikalisha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Likitoka nje, unadhani itakuwaje? Watamfungia milango huyo bwana? Watawafungia milango mabinti. Mzee wa Lugoba atamzuia wake, wa Makurunge atamzuia wake. Na wewe, mwanangu, baba yako angekuruhusu?"

Alikuwa anasema kweli. Baba asingeniruhusu. Kila alipoyamaliza, Mwenyekiti aliamini kwamba anatushikilia mlango uendelee kuwa wazi, na hakujali kwamba tulioingia kwa mlango ule tulikuwa tunaingia alipo Mtaalamu. Nilirudi kwenye kazi zangu. Nilimchukia siku ile na bado nilimpelekea chai yake saa kumi, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Alipofikisha miaka saba alipumzishwa kwa cheti na saa ya ukutani. Uongozi wa Kamati ukaniangukia mimi. Nilirudisha lile katazo lililopotea la kuwakutanisha watu kwa lazima, nikafuta kifungu cha tisa, na vijana wakalalamika wiki nzima kwamba sasa watataniana vipi. Nikawaambia wakataniane mazikoni, wabebe na majembe. Kisha nikapanda gari kwenda Kiwangwa.

Zuhura alikuwa kando ya barabara anapanga mananasi ya baba yake. Programu ilikuwa imekufa, akaniambia bila kuulizwa, na kwenye rundo pembeni yake palikuwa na matunda yaliyovunwa kwa lori ambalo halikuja. Nikamwomba arudi. Nikamwambia nimebadilisha Kanuni.

"Na yeye yupo?"

Alikuwepo. Kampuni yake ilikuwa imemleta tena awe jaji mkuu.

"Dada, mimi programu ile ninayo yote kichwani, naweza kuiamsha kwa mwezi mmoja. Akiwa nje, nakuja. Akiwa ndani, msinipigie tena simu."

Nikaiandikia kampuni kwamba hatumtaki mtu wao. Wakajibu kwa heshima kubwa. Shauri hilo, walisema, lilikwisha kwa ridhaa ya pande zote, na wakaambatisha picha ya kupeana mikono pamoja na muhtasari wenye sahihi yangu. Zuhura akiandika upya leo, waliongeza, itakuwa hadithi ya leo. Wenzangu kwenye Kamati wakasema wataamua Jumamosi, na kwamba bila ile fomu aliyoijaza siku ile ile hawaoni namna. Zuhura hakuwa na nakala. Fomu zote Mwenyekiti alikwenda nazo nyumbani alipostaafu, akisema ni amana. Zuhura akanipa barua ya idhini, nikamfuata mzee Alhamisi baada ya alasiri.

Alikuwa amekonda. Masikio yalikuwa yamepungua nguvu, na alifurahi kuniona kuliko nilivyostahili. Alinikaribisha ndani, akanipa juisi ya ukwaju, akamsifu baba yangu. Nikamweleza nilichofuata. Akaingia chumbani na kutoka na jalada nene, akaliweka mezani baina yetu.

"Soma hapa hapa. Kutoka nalo, hapana. Ni siri za watu."

Lilikuwa limepangwa kwa mwaka, kwa tarehe, kila fomu imetobolewa sawasawa. Nikaipata ya Zuhura. Nyuma yake, nikitafuta kama ina ukurasa wa ziada, nikaliona jina la Mtaalamu kwenye fomu ya mwaka wa nne, mwandiko wa binti mwingine. Nikafungua nyuma zaidi, mwaka wa pili, binti mwingine tena. Kiuno. Chumbani, kwa utulivu. Kwenye zote tatu, chini kabisa, Mwenyekiti alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Amekiri. Ameahidi hatarudia."

"Alikiri?" nikauliza. Mbele yangu hakuwahi kukiri chochote.

"Faragha, baada ya nyinyi kutoka. Kila mara alikiri."

"Na kila mara ukamwamini?"

Mwenyekiti alitazama mikono yake. "Nisingemwamini, mwanangu, ningekwenda kuwaambia nini wale wazazi?"

Nikamwekea mbele barua ya Zuhura, nikamwambia kwamba naomba fomu yake tu, ile moja, ni haki yake. Akaisoma barua mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Kumhukumu mtu hayupo si vizuri. Naye aitwe, aseme. Tukae watatu, tutayamaliza."

Na kabla sijapata neno alikuwa ameshachukua simu yake na kumpigia Mtaalamu. Aliiweka kwenye spika kwa sababu ya masikio, akaishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wangu!" ile sauti ikajaa sebuleni.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Hujambo? U mzima? Nyumbani wote hawajambo?"

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuingia kwenye jambo kabla salamu hazijakamilika. Aliuliza watoto. Aliuliza kazi, akauliza mama mzazi, akaambiwa presha imeshuka, akamshukuru Mungu. Nilikuwa na dakika moja, labda mbili. Nikatoa simu yangu, nikainyoosha mbele ya fomu ya Zuhura, nikapiga picha ukurasa wa kwanza. Ikatoka ukungu, nikapiga tena. Nilipoinua kichwa kugeuza karatasi, Mwenyekiti alikuwa ananitazama.

Aliiona simu. Aliiona na fomu iliyokuwa chini yake. Neno moja lingetosha kunizuia, au angevuta tu jalada kwake. Mimi nisingempokonya mzee kitu mkononi, na yeye alilijua hilo.

"Ehe, mzee," Mtaalamu akasema, "ulikuwa na jambo?"

Kidole gumba cha Mwenyekiti kilikuwa kinasugua ubavu wa simu.

"Na mama," akasema, "hajambo?"

"Hajambo, mzee. Si nimekwambia, presha imeshuka."

"Alhamdulillahi. Na yule ndugu yake wa Tanga? Miguu inaendeleaje?"

Nikageuza fomu. Nikaupiga picha ukurasa wa pili, wote, mpaka chini, mpaka "amekiri" na sahihi ya Mwenyekiti. Mtaalamu alikuwa anaeleza habari za miguu kwa uvumilivu wa mtu anayemheshimu mzee, na Mwenyekiti alikuwa anaitikia ehe, ehe, macho yameinamia mkeka. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kwa jalada lile. Miaka saba nilimngojea afanye jambo moja, na jambo lenyewe ndilo hilo, kuuliza hali ya mama wa mtu mara ya pili. Msaada kama huo ungemfaa Zuhura siku ile ya shauri. Sikumshukuru. Nikairudisha fomu mahali pake, nikasimama, nikatoka bila kuaga, na yeye, aliyewafundisha adabu watoto wa nusu ya mji huu, hakuniita nirudi.